Vita vya Qianlong ndani ya kasha: nakala za chapa za shaba nilizonunua Guangzhou

Kasha lenyewe lina upana wa mita moja hivi, limevalishwa kitambaa cha bluu iliyoiva, na ndani yake mna karatasi 16 nene zenye picha za vita ambazo Kaisari Qianlong wa China aliagiza zichongwe Paris katika karne ya 18. Nililinunua kwa yuan 1,900 katika duka la nakala za picha za kale mjini Guangzhou, nilikokwenda kufuata pleti na wino wa mashine yangu ya ofseti, yaani upigaji chapa wa kisasa unaojenga picha kwa nukta ndogondogo. Duka silitaji, kwa sababu kasha hilohilo, lenye kitambaa hichohicho na kijitabu kilekile, nililikuta katika maduka mengine mawili ya mtaa ule, na ninachokipima hapa ni bidhaa. Muuzaji aliniambia, kupitia mkalimani wangu, kwamba picha hizi zimepigwa chapa kwa mabamba ya shaba kama zilivyopigwa zamani. Mimi ni mpiga chapa kwa miaka 20, na maneno ya namna hiyo huwa siyaachi yapite hivihivi.

Niliupenda tangu mwanzo ule mzunguko wa kuzinunua Guangzhou, maana ni katika bandari hii hii, iliyoitwa Canton na wageni wa wakati ule, ambako kazi nzima ilianzia safari yake. Qianlong alipokwisha kuwashinda Wazungari, watu wa jamii ya Kimongolia, wa bonde la Ili na kisha miji ya Waislamu iliyo kusini ya milima ya Tian Shan, kati ya 1755 na 1759, aliamuru mapaderi wachoraji waliokuwa wakifanya kazi katika jumba lake Beijing wachore matukio 16 ya vita hivyo. Walikuwa wanne: Mwitaliano Giuseppe Castiglione, Mfaransa Jean-Denis Attiret na Ignaz Sichelbarth wa Bohemia, wote watatu Wajesuiti, pamoja na Mwagustino Jean Damascène Sallusti. Mwaka 1765 amri ilitolewa kwamba michoro hiyo ipelekwe Ulaya ikachongwe kwenye shaba, na wafanyabiashara wa Canton waliokuwa na haki ya kushughulika na wageni wakaandikiana mkataba na kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara ya nchi za Mashariki. Huko Paris usimamizi alipewa Charles-Nicolas Cochin wa Akademi ya Kifalme, naye akawagawia kazi wachonga shaba wanane, miongoni mwao Jacques-Philippe Le Bas, Augustin de Saint-Aubin na Benoît-Louis Prévost. Kazi iliwachukua miaka kadhaa hadi katikati ya miaka ya 1770. Mabamba yenyewe yalirudishwa China pamoja na mikusanyo 200 iliyokwisha kupigwa chapa, na Ufaransa zikabaki nakala chache mno kwa ajili ya mfalme na watu wake wa karibu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Chapa ya shaba ya kweli ina dalili ambazo hata mtu asiye fundi anaweza kuzikagua dukani. Mchongaji hufukua mistari ndani ya bamba, kwanza kwa kuiacha tindikali iile shaba pale alipokwangua nta, kisha kwa kisu cha kuchongea anachokisukuma kwa kiganja. Wino hujazwa ndani ya mifereji hiyo, uso wa bamba hupanguswa, na karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka iingie kuufuata wino huko uliko. Kwa hiyo mstari uliokauka huinuka kidogo, ukiupapasa kwa ncha ya kidole unausikia, na ukingo wa bamba huacha mbonyeo wa mstatili kuzunguka picha nzima. Niliweka kioo changu cha kukuzia juu ya mkia wa farasi katika karatasi ya tatu, na pale ambapo nilitarajia mistari niliona nukta. Zilikuwa nukta za ofseti, zimepangwa safu kwa safu, nyeusi na kijivu, safi na zenye kupendeza, lakini nukta.

Mbonyeo upo, nao ndio ulionichekesha. Waliotengeneza kasha wamebonyeza kila karatasi kwa kibao ili ionekane kana kwamba bamba lilipita hapo. Bahati mbaya kibao ni kimoja kwa karatasi zote 16, ilhali picha hazilingani sawasawa kwa vipimo, basi katika baadhi ya karatasi mbonyeo uko sentimita mbili nje ya picha na katika karatasi mbili umekata juu ya picha yenyewe, ukipita katikati ya mawingu. Hakuna ubaya wowote katika kuuza nakala ya ofseti. Mimi mwenyewe ninaishi kwa ofseti. Ubaya ni kuivisha joho la shaba. Isitoshe, baadhi ya mabamba ya vita vya Qianlong yamehifadhiwa katika makumbusho ya Berlin, na mtu anayesema amepiga chapa juzi kwa mabamba ya asili inampasa aeleze aliyapataje.

Nikiweka kando maneno ya muuzaji, ubora wa upigaji chapa katika karatasi 11 ni wa juu kuliko nilivyotegemea. Karatasi ni ya pamba, haing'ai, yenye uzito ninaoukadiria kuwa gramu 300 kwa mita ya mraba, na rangi yake ni ya maziwa yaliyochacha kidogo, karibu na ile ya karatasi za zamani za Ufaransa. Wino mweusi umepewa wekundu wa mbali sana, jambo linaloipa picha joto. Aidha, ukubwa wa picha umezingatiwa: sentimita 88 hivi kwa upana na 51 kwa kimo, kama zilivyo za asili. Jambo hili la ukubwa si dogo. Picha hizi zilichorwa kwa ajili ya jicho linalotembea, na ukizipunguza zikawa kama ukurasa wa gazeti, jeshi zima linageuka kuwa sisimizi.

Na hapo ndipo karatasi tano zilizobaki zinapoharibu kazi. Kuanzia mwaka 1783 Isidore-Stanislas Helman, mwanafunzi wa Le Bas, alitoa Paris toleo dogo la picha hizi, lenye upana usiofika nusu ya zile za kwanza, kwa ajili ya wateja wa Ulaya ambao hawakuweza kupata nakala za Kaisari. Ni kazi ya heshima kwa kipimo chake. Lakini mtayarishaji wa kasha hili, bila shaka baada ya kukosa picha za asili za matukio matano, alichukua picha za Helman, akazivuta mpaka zikalingana na wenzake, akakata maelezo ya Kifaransa yaliyokuwa chini, akazitia kashani bila kusema neno. Jicho linagundua mara moja. Mistari imenenepa kama kamba, vivuli vya milima vimeziba, nyuso za askari zimekuwa tundu mbili na mdomo. Mtu akizitandika zote 16 sakafuni, kama nilivyofanya katika chumba changu cha hoteli, zile tano zinajitenga zenyewe kama mchele uliochanganywa na chuya.

Karatasi iliyonifanya nisirudishe kasha siku ya pili ni ile ya kuzingirwa kwa Mto Mweusi. Katika majira ya baridi ya 1758 kuingia 1759, Zhaohui, jemadari wa Qianlong, alizingirwa kando ya mto huo, karibu na mji wa Yarkand, na jeshi la Waislamu wa huko kwa muda wa miezi mitatu, mpaka kikosi cha msaada kilipofika. Habari rasmi za utawala zinasimulia kwamba waliozingirwa, walipokuwa wakikata miti kwa ajili ya kuni, walikuta risasi za adui zimejaa ndani ya mashina, wakazichomoa na kuwarudishia wenyewe. Mchoro ni wa Castiglione na mchongaji ni Le Bas. Kwa kioo cha kukuzia unaweza kukaa saa nzima katika robo moja tu ya karatasi hii. Kuna kambi yenye mahema yaliyobanana, kuna miti iliyochongwa jani kwa jani, kuna wapanda farasi wanaokuja mbio miguu ya farasi yao ikiwa imejinyosha mbele na nyuma kama haigusi ardhi, na moshi wa bunduki umetolewa kwa mistari myembamba inayoachana polepole hadi karatasi inabaki tupu. Ule utupu ndio moshi wenyewe. Katika ofseti iliyopigwa vizuri, na hii imepigwa vizuri, sehemu kubwa ya ufundi huo inasalimika.

Ukitazama kwa makini zaidi unaona vilevile kwamba picha hizi zina wazazi wengi. Milima imepangwa ngazi juu ya ngazi kwa namna ya wachoraji wa China, ili mtazamaji aone bonde lote kana kwamba yuko juu ya kilele, lakini mawingu yaliyotanda juu yake ni mawingu ya Paris, yenye matumbo na vivuli, ambayo kwa mila ya Kichina yasingechorwa hivyo. Farasi wana misuli ya Kizungu. Nguo, pinde na podo za mishale ni za Kimanchu, watu wa kabila la Kaisari mwenyewe, na zimechorwa na watu waliokuwa wakiziona kila siku jumbani. Hakuna hata mmoja wa wachoraji wale wanne aliyesimama katika viwanja hivyo vya vita, na wachongaji wa Paris hawakuiona hata China; jambo hilo halinisumbui sana, maana washairi wetu wa pwani pia walitunga tenzi ndefu za vita wasivyoviona, wakatuonyesha hadi vumbi la kwato. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Castiglione alifariki Beijing mwaka 1766 na Attiret mwaka 1768, kabla chapa yoyote iliyokamilika haijawafikia. Mchoro waliuaga, matokeo hawakuyaona.

Mtu atayajuaje haya kutokana na kasha? Hawezi, na hiki ndicho kipengele ninachokilalamikia kuliko nukta. Kwenye nakala za asili, katika pambizo ya chini, huwa kuna herufi ndogo sana za Kilatini na Kifaransa zinazotaja aliyechora Beijing, aliyechonga na aliyesimamia, na mara nyingi mwaka. Mtengenezaji amezikata zote. Nadhani aliziona ni uchafu, au alitaka pambizo nyeupe inayopendeza ndani ya fremu. Mpiga chapa anayefuta jina la mpiga chapa mwenzake amenikera kwa namna ambayo labda msomaji asiye wa kazi hii ataiona imezidi.

Zaidi ya hayo, kasha linadai kuwa ni mkusanyo kamili, nalo si kamili. Picha zilipofika Beijing hazikuachwa zisimame peke yake. Qianlong, aliyekuwa mtunzi asiyechoka, aliandika utangulizi na shairi kwa kila tukio, maafisa wake wakaongeza maneno ya mwisho, na maandishi hayo yakapigwa chapa kwa mbao zilizochongwa ili yafungwe pamoja na picha katika albamu alizowagawia watu wa heshima. Picha bila mashairi ni kama kanga iliyokatwa jina lake: mji upo, pindo lipo, lakini kauli ya aliyeitoa haipo. Nilipouliza, muuzaji alijibu kwamba wateja wa kigeni hawasomi Kichina. Ni kweli mimi sikisomi, ila ningetaka kujua kwamba yapo.

Badala ya mashairi tumepewa kijitabu cha kurasa 24 kwa Kichina na Kiingereza, na hapa inanibidi niseme mambo yasiyo ya karatasi. Kijitabu kinazungumza kwa sauti ya Kaisari mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho: waasi waliinuka, majeshi yakatumwa, amani ikarejea, mipaka ikatulia. Kuhusu Wazungari, ambao ndio wanaokimbia, wanaoanguka na wanaosalimu amri katika picha za mwanzo, kijitabu kina sentensi mbili. Hakisemi kwamba Amursana, kiongozi wao aliyekuwa upande wa Qing, yaani utawala wa Qianlong, alipogeuka, Qianlong aliamuru Wazungari wamalizwe; Amursana mwenyewe alikimbilia kwa Warusi na kufa kwa ndui mwaka 1757. Mwanahistoria wa Kichina Wei Yuan, akiandika katika karne ya 19, alikadiria kwamba katika kila watu 10 wa taifa lile, wanne walikufa kwa ndui, watatu waliuawa na jeshi la Kaisari, na wawili walikimbilia kwa Warusi na Wakazakhi. Mtu akikaa na hesabu hiyo kichwani, kisha akaitazama picha ya kwanza ya kusalimu amri kule Ili, yenye umati uliopiga magoti na mifugo iliyotulia, anaiona kwa jicho jingine kabisa. Sisemi kijitabu cha duka kiwe kitabu cha historia. Nasema picha hizi zilitengenezwa ili kusadikisha, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa anasadikishwa nini.

Hali ni hiyohiyo kwa wale ndugu wawili waliowaongoza Waislamu wa Kashgar na Yarkand, ambao kijitabu kinawaita makhoja bila ufafanuzi wowote (msomaji wa Unguja au Dar es Salaam asidhani ni Makhoja wetu, huko ni cheo cha masheikhe waliodai kutokana na ukoo mtukufu). Walikimbilia Badakhshan mwaka 1759 na kuuawa huko. Karatasi ya kukabidhiwa mateka katika lango la Wumen, Beijing, ndiyo inayofunga habari yao. Jengo limechorwa kwa ukubwa wa kutisha, Kaisari ameketi juu kabisa, mdogo kama punje, na chini, mbele ya safu zisizohesabika za askari na maafisa, mna watu waliopiga magoti pamoja na sanduku lenye kichwa cha mmoja wa wale ndugu. Kijitabu kinaiita karatasi hii sherehe. Katika kasha langu ni mojawapo ya zile zilizopigwa vizuri, na sanduku linaonekana bila hata kioo, ukishajua pa kutazama.

Kwa yuan 500 zaidi duka linauza bahasha ya picha sita za vita vya Annam, yaani Vietnam ya 1788 na 1789. Nilizitazama nikaziacha. Kwa ufundi ziko chini, kwa sababu mifululizo ya baadaye haikupelekwa tena Ufaransa. Ilichongwa Beijing na mafundi wa Kichina waliojifunza kwa mapaderi, mistari yao ni mikavu, kivuli ni kidogo, na shairi la Kaisari limechapwa juu kabisa katika anga la picha. Kwa upande wangu nazipenda kwa hilo, kwamba shairi halikatiki bila kukata picha. Ila mnunuzi ajue kwamba anachonunua ni picha za ushindi katika vita ambavyo jeshi la Qing lilishindwa vibaya na Quang Trung, mtawala wa Kivietnam, karibu na Hanoi mwanzoni mwa 1789, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya. Vita hivyo vilihesabiwa miongoni mwa ushindi mkuu 10 wa Qianlong bila haya. Zinafaa kwa mtu anayependa kejeli ukutani.

Je, yuan 1,900 ni bei ya haki? Kwa picha 11 za ukubwa kamili kwenye karatasi ya pamba, naam, na ningelipa tena, kwa kuwa kuzichapa mwenyewe Dar es Salaam kwa karatasi ya aina hiyo kungenigharimu karibu sawa. Kwa 16, hapana. Mwenye haja ya kutazama tu asinunue chochote: Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka picha za vita hivi mtandaoni bila malipo, zimekuzwa kiasi cha kuona mistari ya kisu, na ni kwa kuzilinganisha na hizo nilipothibitisha ni karatasi zipi zilizotoka kwa Helman. Anayenunua aombe kufunguliwa kasha, atandaze karatasi zote mezani, na awe na kioo cha kukuzia mfukoni. Muuzaji wangu hakukataa kufungua, na nilipomwonyesha zile tano alinipunguzia yuan 200 bila ubishi mrefu, jambo linalonifanya nidhani sikuwa wa kwanza kumwonyesha.

Usafiri uwekwe kwenye hesabu. Kasha haliingii kwenye mizigo ya mkononi, na kulikunja haiwezekani, hivyo langu lilikuja kwa bahari ndani ya kontena la kuchangia, pamoja na madumu ya wino, likafika na kona moja iliyobonyea, karatasi zikiwa salama. Picha ya Mto Mweusi nimeipeleka kwa fundi fremu wangu. Aliitazama kwa muda, akapitisha kidole kwenye ule mbonyeo wa kibao, akaniuliza kama auache uonekane kwa kuwa unaipa picha ukale. Nikamwambia akate kadibodi ya pambizo iufunike wote.